Shirika halina daktari wala dawa: litamsaidiaje mdogo wangu?

"Mdogo wangu wa kiume ana miaka 27. Alilazwa wiki tano kwa tatizo la akili. Alikuwa anasikia sauti na kuamini kwamba wenzake kazini wanamfuatilia. Aliruhusiwa miezi miwili iliyopita, ametulia na anameza dawa, lakini kazini wamemwandikia barua ya kumwachisha. Muuguzi alituelekeza kwenye shirika linalotetea watu wenye matatizo ya akili. Tulikwenda tukitarajia daktari. Tukaambiwa hawatoi dawa, hawalazi mtu, na daktari hawana. Walizungumza naye peke yake karibu saa nzima, mimi nikiwa nje. Wakamkaribisha kwenye kikundi, wakatupa vipeperushi, kisha wakamuuliza kama siku moja atakubali kupigwa picha na kusimulia yaliyompata ili kuelimisha jamii. Yeye amefurahi sana na anataka kukubali. Mama anasema tunatumiwa. Mimi sijui nishike lipi. Shirika lisilotibu lina kazi gani? Kikundi hakitamrudisha nyuma kwa kumkutanisha na wagonjwa wengine? Na hilo la picha, nimkataze?"

Pole kwa yote mliyopitia, dada, na hongera kwa hapa mlipofika. Maswali yako ni matatu, lakini naona hofu moja chini yake: watu hawa wako upande wenu, au wanamwona mdogo wako kama bango la kujitangaza? Nitasema msimamo wangu mapema usije ukausaka hadi mwisho. Endeleeni na shirika hilo. Kikundi akijaribu. Barua ya kazi ipelekeni kwao wiki hii hii, maana hiyo ndiyo ina siku zinazohesabiwa. Picha isubiri, na wa kuamua awe yeye; si wewe, si mama, si shirika.

Tuanze na kile kilichowavunja moyo, kwamba hawana daktari. Shirika la utetezi halikuundwa kutibu, na kama lingekuwa linagawa vidonge bila kuwa kituo cha tiba kilichosajiliwa, hapo ndipo mngepaswa kuondoka mbio. Ugonjwa kama huu huleta matatizo ya namna mbili. Yapo yale ya ndani ya mtu: sauti, usingizi uliopotea, shuku, woga. Hayo ni ya daktari wa magonjwa ya akili, muuguzi, mwanasaikolojia na dawa. Kisha yapo yanayoanza siku anayoruhusiwa kurudi nyumbani: mwajiri asiyemtaka tena, marafiki walioacha kupokea simu zake, ofisa anayeulizwa na mgonjwa akamjibu ndugu aliyemsindikiza, na aibu ambayo mtu hujivika mwenyewe akaacha hata kuomba kazi nyingine. Kidonge kinaweza kuzinyamazisha sauti, lakini hakiwezi kuandika rufaa. Na mambo hayo mawili yanashikana. Mtu aliyepoteza kazi na watu wa kuongea nao hulala ovyo, hukata tamaa, huona dawa hazina maana, huziacha, na dalili hurudi. Anayepigania kazi ya mdogo wako anasaidia pia kuulinda uponaji wake, ingawa hagusi dozi.

Mashirika ya aina hii yana historia inayoeleza vizuri tabia zake. Mwaka 1908, Clifford Beers, Mmarekani aliyekuwa amelazwa katika hospitali tatu za magonjwa ya akili na kuteswa humo, alianzisha chama cha utetezi katika jimbo la Connecticut. Mwaka uliofuata kikaundwa cha kitaifa. Warithi wa chama hicho walikusanya minyororo na pingu walizokuwa wakifungiwa wagonjwa, na mwaka 1953 wakaziyeyusha mjini Baltimore na kutengeneza kengele. Huo ni mzizi mmoja: wagonjwa wenyewe. Mzizi wa pili ni ndugu. Mwaka 1979, mjini Madison, Wisconsin, familia zilizochoka kukosa huduma na kulaumiwa kwa malezi ziliunda muungano wao, unaojulikana kwa kifupi kama NAMI. Mizizi hii miwili haivuti upande mmoja kila siku. Mgonjwa anaweza kutaka dozi ipunguzwe, ndugu wakataka iongezwe. Mgonjwa anataka akaishi peke yake, mama anataka amwone kila asubuhi. Kwa hiyo swali la kuwauliza mapema, kwa adabu na bila kuzungukazunguka, ni hili: yeye na sisi tukitofautiana, ninyi mnasimama na nani?

Kwa ulivyosimulia, naamini watajibu kwamba wanasimama naye, ndiyo maana uliachwa nje. Najua iliuma. Wewe ndiye uliyemhangaikia. Ila mtetezi hafanyi kazi kama daktari. Daktari hupima kinachomfaa mgonjwa kiafya na kumshauri. Mtetezi huuliza, "Wewe unataka nini?" kisha humsaidia kulisema hilo mahali panapohusika, hata kama yeye binafsi angechagua njia nyingine. Msingi wake umo katika Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao kifungu chake cha 12 kinasema watu hawa wana haki sawa na wengine mbele ya sheria na wapewe msaada wanaouhitaji ili waitumie haki hiyo. Kusaidiwa kuamua ni jambo moja na kuamuliwa ni lingine. Mtu wa miaka 27 aliyetoka wodini, ambako kwa wiki tano hata saa ya kulala alipangiwa, anahitaji mahali ambapo kauli yake ndiyo ya kwanza.

Hilo halikufungi mdomo. Usiri unawazuia wao kukueleza alichosema, hauwazuii kukusikiliza. Ukiona amekesha, ameacha kula au anazungumza peke yake, waambie, na zaidi ya wao iambie kliniki. Mnaweza pia kukubaliana naye kwa maandishi yapi yashirikishwe: kwa mfano tarehe za kliniki, majina ya dawa na dalili za hatari, ndiyo, mazungumzo yake ya faragha, hapana. Asaini, aweke tarehe, nakala moja ibaki kwenye faili lao. Na waulize usiri wao unaishia wapi. Jibu sahihi ni kwamba unaishia pale maisha yake au ya mtu mwingine yanapokuwa hatarini, na kwamba humweleza hivyo kila mtu katika kikao cha kwanza.

Sasa barua ya kazi, ambayo umeitaja kwa sentensi moja ingawa ndilo jambo lenye haraka kuliko yote. Sheria za kazi hutofautiana kati ya nchi na nchi, lakini nyingi zinatoa muda mfupi wa kulalamika tangu siku ya kuachishwa. Pengine ni wiki chache tu. Muda ukipita, hata hoja nzuri huenda isisikilizwe. Mkataba nilioutaja, katika kifungu cha 27, unakataza ubaguzi kazini na unataka mwajiri afanye marekebisho yanayowezekana ili mtu mwenye ulemavu aweze kufanya kazi, mradi yasiwe mzigo uliopitiliza. Namna hilo linavyotekelezwa kwenu ndiyo swali la kuwauliza shirika au mwanasheria wanayefanya naye kazi.

Mkienda, bebeni barua yenyewe, na muandike pembeni ni siku gani aliipokea, kwa maana tarehe iliyochapwa na siku ya kupokea si lazima ziwe moja. Bebeni mkataba wa kazi, hati za mshahara za miezi mitatu ya mwisho, na fomu ya kuruhusiwa hospitali. Muhimu zaidi ni ushahidi kwamba mwajiri alijulishwa anaumwa: nani alipeleka taarifa, siku gani, kwa njia gani, nani alipokea. Kesi nyingi za namna hii huyumba hapo hapo, kwa sababu familia ilikuwa imechanganyikiwa ikapiga simu bila kuandika popote, na kazini akahesabiwa mtoro. Ujumbe wowote wa simu kutoka kwa msimamizi wake usifutwe. Uchapeni ukionyesha tarehe. Kisha aandike, au umsaidie kuandika, ukurasa mmoja wenye mfuatano wa matukio: tarehe, kilichotokea, nani alikuwepo. Maelezo marefu ya uchungu yawekeni kando.

Makosa mawili hufanywa sana. La kwanza ni kusaini karatasi ya kujiuzulu "kwa hiari" kwa kuahidiwa kwamba mambo yataisha kimya kimya. Asisaini chochote kabla hakijasomwa na anayejua sheria ya kazi. La pili ni kupeleka ripoti nzima ya hospitali kwa mwajiri. Mwajiri hahitaji kujua sauti zilisema nini. Kinachotakiwa ni barua fupi ya daktari inayosema anaweza kurudi kazini kuanzia tarehe fulani, na kwa kipindi fulani anahitaji hili na lile. Jina la ugonjwa si lazima litajwe, isipokuwa sheria yenu inadai hivyo.

"Hili na lile" ni mambo madogo kuliko waajiri wanavyodhani. Dawa nyingi za saikosisi, yaani hali ya kusikia sauti au kuamini yasiyo ya kweli kama ilivyomtokea, huacha usingizi mzito asubuhi, kwa hiyo kuingia saa mbili baadaye kwa wiki sita za mwanzo kunaweza kutosha. Zamu za usiku aziepuke kabisa kwa sasa, maana kuvurugika kwa usingizi ni miongoni mwa njia za haraka za dalili kurudi. Nusu siku kwa wiki mbili au tatu, kisha siku nzima. Maelekezo ya kazi aandikiwe, kwa kuwa kumbukumbu na umakini huchelewa kurudi hata dalili nyingine zikishaondoka. Ruhusa ya siku ya kliniki. Marekebisho yenye tarehe ya mwisho hukubaliwa kirahisi zaidi kuliko ombi lisilo na kikomo.

Kabla ya yote hayo, lakini, muulizeni kama anataka kurudi pale. Umesema aliamini wenzake kazini wanamfuatilia. Imani hiyo imetulia, ila kukaa meza ile ile, na watu wale wale waliokuwa ndani ya hofu yake, ni mtihani kwa baadhi ya watu, na baadhi huona ndiyo dawa. Anaweza kuchagua kudai fidia na barua safi ya utumishi badala ya nafasi yenyewe. Mtetezi mzuri atatumia muda mwingi kwenye swali hilo kabla ya kushika kalamu. Na niseme kweli: hata kila kitu kikifanywa sawasawa, kazi inaweza isirudi. Shirika linaongeza uwezekano. Kuahidi matokeo haliwezi, na likiahidi, liulizeni kwa msingi gani.

Kuhusu kikundi: ugonjwa hauambukizwi kwa kukaa pamoja, na hofu kwamba atajifunza dalili za wengine kwa kawaida haitimii. Kinachotokea zaidi ni kwamba anakutana na mtu aliyepitia hayo hayo miaka sita nyuma na sasa analea watoto na kufanya kazi. Ushauri wa daktari na maombi ya mama havina uwezo huo wa kumfanya aamini kwamba kesho ipo. Utafiti juu ya kusaidiana kwa watu waliopitia ugonjwa unaonyesha faida iliyo wazi zaidi katika matumaini na kujiamini. Kwamba kikundi peke yake huzuia kulazwa tena, ushahidi wake ni dhaifu. Kikundi ni nyongeza ya kliniki, na yeyote anayekiuza kama mbadala wa dawa anawadanganya.

Ubora wa kikundi hutegemea namna kinavyoendeshwa. Watu wanane hadi kumi na wawili wanatosha. Wakizidi sana, wakimya hawapati zamu. Saa moja hadi moja na nusu, siku na saa ile ile. Wawezeshaji wawe wawili, ili mmoja akitoka na mtu aliyelemewa mwingine abaki na wengine. Masharti yasomwe kila mara: yanayosemwa hapa yanabaki hapa, hakuna kukatana kauli, hakuna kubadilishana dawa wala kushauriana dozi. Hilo la mwisho ndilo linaloharibu vikundi vingi. Mtu mmoja husema kwa nia njema, "Mimi niliacha kile kidonge na niko sawa," na wiki mbili baadaye wawili wengine wameacha. Waulizeni wawezeshaji huwa wanafanya nini kauli kama hiyo ikitoka. Ukisikia, "Tunaisimamisha papo hapo na kumwelekeza mtu kwa daktari wake," moyo wako utulie kidogo.

Miezi miwili baada ya wodi bado ni mapema, na chumba chenye watu wengi kinaweza kumchosha. Akae karibu na mlango, asilazimike kuongea, na mara ya kwanza aruhusiwe kuondoka katikati. Ajaribu vikao vitatu au vinne kabla ya kuamua, kwani cha kwanza huwa kigeni kwa kila mtu. Akirudi amechoka lakini amechangamka, ni dalili njema. Akirudi na usingizi ukampungua, au akaanza kubeba hofu za wengine kama zake, asimame na mwambieni daktari.

Wewe na mama pia mna kikao chenu. Mashirika mengi huwa na mafunzo ya familia; yale ya NAMI, kwa mfano, yana vipindi 8. Ulizeni kama lenu linayo. Kati ya huduma za shirika nilizozitaja, hili la kuelimisha familia ndilo lenye ushahidi imara zaidi katika kupunguza kurudiwa na ugonjwa. Nyumba haisababishi ugonjwa huu, na mama asibebe mzigo huo. Ila imeonekana mara nyingi kwamba pale penye lawama za kila siku, makelele, au kumchunga mtu mzima kama mtoto, dalili hurudi mapema zaidi. Ubongo uliotoka kwenye saikosisi hulemewa haraka na mvutano wa hisia. Katika mafunzo hayo mtajifunza mambo ya kawaida kabisa: kusema jambo moja kwa wakati, kuomba badala ya kukaripia, kutobishana na imani isiyo ya kweli wala kuikubali. Mtatengeneza pia karatasi moja ya mpango wa dharura, yeye akiwa mezani: dalili zake za mwanzo kabisa (kwa wengi ni usingizi kupungua, kujitenga, shuku ndogo ndogo), nini humtuliza, dawa zipi zilimdhuru, nani apigiwe simu kwanza, hospitali ipi anaipendelea. Iandikeni sasa akiwa mzima wa fikra. Usiku wa tatizo si wakati wa kuanza kutafuta kalamu.

Iko kazi nyingine ya shirika ambayo hamtaiona mkiwa mmekaa mapokezi, nayo ndiyo sababu ya kuwepo kwake. Shirika la Afya Duniani limeonyesha kwa miaka mingi kwamba serikali kwa wastani hutenga takriban asilimia 2 tu ya bajeti ya afya kwa afya ya akili, na katika nchi nyingi sehemu kubwa ya hizo huishia kwenye hospitali kubwa za wagonjwa wa akili, mbali na watu wanakoishi. Hali hiyo haibadilishwi na malalamiko ya jumla. Hubadilishwa na kumbukumbu. Mkienda kliniki mkakosa dawa, andikeni tarehe, kituo, jina la dawa, vidonge vilivyoandikwa, vidonge mlivyopewa, na mlichoambiwa. Wapeni shirika karatasi hiyo. Ya kwenu peke yake ni shida ya nyumba moja. Zikiwa mia mbili kutoka vituo kumi na vitano, ni hoja ambayo kamati ya bunge ya bajeti haiwezi kuipuuza kirahisi. Kwa njia hiyo hiyo hupatikana mabadiliko ya sheria za kulazwa bila ridhaa, na za kumshtaki mtu aliyejaribu kujiua badala ya kumtibu. Kazi hii ni ya polepole, ya miaka, na mnaweza kuisaidia bila kuonyesha sura ya mtu.

Na sasa picha. Shirika halikuomba bila sababu. Unyanyapaa umechunguzwa sana, na kilichoonekana kupunguza ubaguzi kwa watu wazima kuliko vipeperushi ni kukutana ana kwa ana na mtu aliyeugua akapata nafuu, katika hali ya usawa, zaidi ya mara moja. Polisi anayeketi meza moja na mtu kama mdogo wako, wakazungumza, hubadilika zaidi ya aliyesomewa orodha ya dalili. Tena kusisitiza tu kwamba "ni ugonjwa wa ubongo kama ugonjwa mwingine" hupunguza lawama, lakini kunaweza kuwaongezea watu hisia kwamba mgonjwa ni hatari na hatapona. Hadithi ya mtu halisi hutibu hilo. Kwa hiyo ombi lenyewe si la ulaghai.

Lakini kukutana ana kwa ana na watu thelathini ukumbini, na picha inayozunguka mtandaoni, ni vitu viwili tofauti. Ukumbini anaona nyuso, anajibu maswali, na mwisho watu wanaondoka. Picha haiondoki. Itakuwepo atakapoomba kazi nyingine, atakapochumbia, watoto wake watakapojifunza kusoma. Na mtu aliyetoka kwenye ugonjwa mkali hupitia kipindi cha shauku, anataka kuueleza ulimwengu wote. Shauku hiyo ni ya kweli na ina thamani, ila inaweza kuwa imebebwa na nafuu mpya, na mara chache na dalili za kupanda kwa hisia ambazo daktari angependa kuzijua. Ndiyo maana napendekeza asubiri angalau miezi sita ya utulivu. Hiyo ni busara tu. Hakuna kanuni iliyoandikwa inayosema miezi sita.

Katika muda huo ajaribu ngazi za chini: amwambie rafiki mmoja anayemwamini, kisha azungumze kikundini, kisha ikibidi kwenye kikao kidogo kilichofungwa, bila kurekodiwa. Kila ngazi itamfundisha ni sehemu zipi za kisa chake anazoweza kuzisema bila kutetemeka, na zipi ni zake peke yake. Akifika kwenye picha, ridhaa iwe ya maandishi na itenganishe matumizi: bango ni ridhaa moja, redio nyingine, mtandao nyingine. Ioneshe itadumu muda gani na ataiondoaje, na aelezwe wazi kwamba kilichochapwa au kusambazwa na watu wengine hakirudishwi. Asome au asikilize kila kitu kabla hakijatoka. Nauli na muda wake vilipwe. Jina lako, la mama na la kazini kwake visitajwe bila idhini. Tena akiwa na malalamiko dhidi ya mwajiri, mwanasheria wake aulizwe kwanza. Kama aliwahi kujaribu kujidhuru, njia aliyotumia isielezwe, kwa sababu maelezo ya njia yanaweza kumdhuru msikilizaji aliye kwenye hali hiyo hiyo.

Mama ana jambo moja la kweli la kuangalia: je, huduma inategemea hadithi? Mdogo wako akisema hapana, na siku iliyofuata mtetezi wa suala la kazi hapatikani tena, basi mama alikuwa sahihi. Mengine ya kuchunguza ni ya kawaida. Limesajiliwa? Hesabu zake hukaguliwa na zinaonyeshwa kwa anayeomba? Wafadhili ni nani, na kama kampuni za dawa zimo, linasema hivyo waziwazi? Kwenye bodi na kwenye ajira wamo watu waliowahi kuugua, au wapo kwenye mabango tu? Kuna utaratibu wa kulilalamikia shirika lenyewe? Lisiloweza kujibu maswali haya bila kukasirika halifai kukabidhiwa kisa cha mtu.

Kuna nyakati ambazo msiende kwao kabisa, mwende hospitali siku hiyo hiyo. Akikesha usiku mbili au tatu mfululizo, sauti zikimwamuru, akiacha kula na kunywa, au akitishia kumdhuru mtu. Akisema anataka kufa, au ukihisi hivyo: muulize moja kwa moja kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakupandi wazo. Humpa nafasi ya kulitua. Wiki na miezi ya mwanzo baada ya kutoka wodini ndiyo yenye hatari zaidi, hata mtu akionekana ametulia, kwa hiyo akiba ya vidonge na sumu za nyumbani zikae mbali naye, na siku ya shida asiachwe peke yake. Upande wa dawa, homa kali pamoja na misuli kukakamaa, jasho na kuchanganyikiwa ni dharura. Shingo kupinda au macho kukwama yakitazama juu pia aonwe mara moja. Nendeni na pakiti za dawa zenyewe. Na vidonge visikatwe ghafla hata akijisikia amepona. Baada ya saikosisi ya kwanza madaktari wengi hushauri dawa ziendelee mwaka mmoja au zaidi, na kupunguza kufanyike taratibu chini ya macho yao. Zikimlemea kwa usingizi, uzito au kutotulia, hilo lina ufumbuzi: dozi, saa ya kumeza, au dawa nyingine. Mtetezi anaweza kumsindikiza kliniki akasaidie kulisema.

Kumkataza, basi, usimkataze. Mwonyeshe haya, mjadili, kisha yeye mwenyewe awajibu shirika, kwa maneno yake au kama haya: "Asanteni kwa kuniamini. Kwa sasa nahitaji msaada wenu kwenye suala la kazi, na nitaanza kuja kikundini. Kuhusu picha, niulizeni tena baada ya miezi sita. Nikisema hapana, naomba mengine yaendelee kama yalivyo." Awaandikie hivyo, abaki na nakala, na aangalie watakavyompokea siku atakayokuja na barua ya kazi mkononi.